Kununua vikwembe sokoni: mambo ya kuangalia mbele ya kukata

Katika maduka ya Birere mjini Goma, kwenye soko la Kadutu kule Bukavu, ao ndani ya depo za Butembo, kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu anaijua: kitambaa kikisha kukatwa, hakirudi. Muuzishaji akishika makasi, mapatano yamekwisha. Kisha pale, mteja anayerudi na malalamiko anajibiwa neno moja tu: "Mama, si ulikiangalia mwenyewe?"

Sheria hiyo ina maana yake. Ni vigumu kwa mfanyabiashara kuuzisha tena kipande ambacho mtu mwingine alikatiwa kwa kipimo chake. Lakini mara nyingi inasukumwa mpaka pahali ambapo haifiki: kitambaa kilichopimwa pungufu, rangi inayotoka ndani ya beseni siku ya kwanza, wax iliyoitwa ya Uholanzi kumbe si yenyewe. Kwa mambo hayo, sheria ya inchi haisemi sawa na makasi. Ni vizuri mteja ajue tofauti hiyo, na muuzishaji vilevile.

Mwenye kubeba makuta ya wengine

Anayeumia zaidi si yule anayejinunulia kikwembe kimoja. Ni yule aliyetumwa. Arusi inakaribia, ao matanga yanamalizika, ao mwezi Machi unafika na tarehe 8 ya akina mama, na watu wa familia, wa korali ao wa AVEC wanapatana kuvaa sare moja. Mmoja wao anachaguliwa kwa sababu anajua soko. Anakusanya makuta, anaandika majina ndani ya kaye, anaenda.

Tuchukue mfano wa listi ya watu 18, kila mmoja piesi moja ya yadi 6. Yadi moja ni sentimita 91,44. Kwa hiyo piesi ya yadi 6 ni karibu mita 5 na sentimita 49. Kama muuzishaji anapima mita 5 na kuziita piesi, kila mama amepoteza karibu nusu mita. Kwa mtu mmoja, mshonaji anaweza kunyamaza na kufupisha mikono ya libaya. Kwa watu 18, ni karibu mita 9 ambazo zililipwa na hazikufika nyumbani, zaidi ya piesi moja na nusu. Anayeulizwa si duka, ni mwenye listi. Kuna wamama ambao walitoka ndani ya kikundi kwa sababu ya mita za namna hiyo, huku wenzao wakisema walikula makuta, na wao hawakuona hata franka moja.

Ndiyo maana mambo mengi yanayofuata hapa yanaonekana madogo kwa mtu anayenunua nusu piesi ya kuvaa nyumbani, lakini kwa mwenye listi si madogo.

Piesi, nusu piesi, yadi, mita

Wax inahesabiwa kwa yadi toka kiwandani. Kipande kizima kinakuwa cha yadi 12 ao cha yadi 6, kimekunjwa na kubandikwa etiketi, mara nyingi ndani ya plastiki. Nusu piesi ni yadi 3, ndiyo kusema karibu mita 2 na sentimita 74. Lakini bazini, satini, dantela, popelini na vitambaa vya rido vinauzishwa kwa mita. Duka moja linakuwa na vyote viwili kwenye meza moja, na ni hapo michanganyo inaanza: bei inatajwa kwa yadi, kitambaa kinapimwa kwa mita, ao kinyume chake. Swali la kwanza, hata mbele ya bei, liwe hili: "Hii ni ya yadi ao ni ya mita?"

Namna ya kupima nayo haifanani. Kuna wanaotumia rula ya mbao ya mita moja. Kuna waliopiga misumari miwili kwenye ukingo wa meza, na hakuna anayejua nani alipima kati ya misumari hiyo. Kuna wanaopima kwa mkono, toka ncha ya vidole mpaka kifuani ao mpaka puani, na hapo urefu wa kitambaa unategemea urefu wa mtu. Vitambaa vyenye kunyumbuka vinavutwa wakati wa kupimwa. Vikilegezwa nyumbani, vinarudi vifupi. Mteja anaweza kuomba kitambaa kilazwe juu ya meza, kisivutwe, kipimwe mara ya pili.

Mita ya mshonaji, ile laini ya sentimita 150, inaingia ndani ya mfuko wa mkononi na haina bei kubwa. Muuzishaji mzuri hakasiriki akiiona. Anashika upande mmoja, mteja anashika upande mwingine, wanapima pamoja. Yule anayepandisha sauti kwa sababu mteja ametoa mita, amekwisha kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Kwa piesi zilizo ndani ya plastiki, wengi wanakataa kufungua. Sababu yao inaeleweka: kitambaa kikikunjuliwa, kukikunja tena kama kilivyotoka kiwandani ni kazi, na mteja anayefuata anaona kama ni cha zamani. Kwa mtu wa piesi moja, inatosha kukubaliana kwamba itafunguliwa hapohapo kisha kulipa, na ikiwa na tundu, doa ao kipimo pungufu, itabadilishwa mbele mteja atoke. Kwa mwenye listi, ni vizuri kufungua piesi mbili ao tatu zilizochaguliwa na yeye, si na muuzishaji, na kuzipima.

Rangi inaomba uangalifu wake. Mchoro mmoja, wenye namba moja, unaweza kutoka kiwandani kwa awamu mbili tofauti, na nyekundu ya awamu ya kwanza isiwe sawa na nyekundu ya awamu ya pili. Ndani ya duka lenye taa nyeupe ya neon, tofauti haionekani. Siku ya arusi, kwenye jua, inaonekana kwenye picha zote. Kwa hiyo sare inunuliwe mara moja, kutoka balo moja kama inawezekana, na piesi mbili zipelekwe mlangoni kwenye mwangaza wa jua mbele ya kulipa. Wale wanaochelewesha mchango wao na kusema "mimi nitanunua yangu juma kesho" ndio wanakuja kuvaa rangi yao peke yao.

Wax, jina la ukingoni na rangi ya nyuma

Neno wax linatoka kwenye nta, sababu ufundi wenyewe ulianzia kwenye batiki ya Java, Indonesia, ambako wafundi walifunika kitambaa kwa nta ili rangi isiingie pahali fulani. Waholanzi waliiga kazi hiyo kwa mashini. Kampuni Vlisco ya mji wa Helmond, Uholanzi, ilianzishwa mwaka 1846, na jina lake ndilo lililofanya watu waseme "Hollandais" hata leo. Kongo nayo ilikuwa na viwanda vyake vya vitambaa: Sotexki kule Kisangani, Filtisaf kule Kalemie, Utexafrica kule Kinshasa. Siku hizi vitambaa vingi vilivyo kwenye meza za masoko ya mashariki vinatoka China. Si vyote vibaya. Kuna wax ya China inayodumu miaka, na muuzishaji anayesema wazi "hii ni ya China, bei yake ni hii" hajamdanganya mtu. Ubaya unaanza pale ya China inapouzishwa kwa jina na bei ya Uholanzi.

Alama zinazosaidia zinajulikana na washonaji wote wa zamani. Wax ya kweli inapakwa dawa na rangi pande zote mbili, kwa hiyo mbele na nyuma zinakaribia kufanana; kitambaa ambacho nyuma yake imepauka kilichapwa upande mmoja tu. Ile dawa ya kufunika rangi inapasuka kiwandani na kuacha mistari midogo kama nyufa, na nyufa hizo hazifanani fasi mbili. Kama ufa uleule unarudia kila sentimita kadhaa, ulichorwa. Ukingoni mwa kitambaa kunaandikwa jina la kiwanda na namba ya mchoro. Maandishi hayo yanasaidia, lakini si ushahidi peke yake, sababu anayeiga kitambaa anaiga na maandishi yake.

Kwa kujua kama ni pamba ao ni plastiki, uzi mmoja unavutwa ukingoni na kuchomwa kwa kiberiti, inje ya duka. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha majivu. Uzi wa poliesta unayeyuka, unanuka plastiki na kuacha kidonge kigumu. Kwa rangi, kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji kinasuguliwa kwenye kona. Kama cheupe kinatoka na rangi nyingi, beseni nayo itatoka na rangi nyingi. Na ugumu wa kitambaa kipya usimdanganye mtu: mara nyingi ni wanga, unaondoka kwenye maji ya kwanza.

Kupokelewa

Anayefika Birere ao Kadutu kwa mara ya kwanza anapokelewa na komisioneri mbele ya kupokelewa na duka. Ni kijana anayemshika njiani: "Mama, unatafuta nini? Bazini iko, wax iko, twende nikuonyeshe." Anamuongoza, anamsifu muuzishaji, anasimama pembeni wakati wa kuongea bei. Malipo yake yanatoka kwa duka, na duka linayaweka ndani ya bei. Si mwizi, ni mtu anayetafuta chakula. Lakini mteja anayekuja na komisioneri analipa watu wawili, na anayejua duka lake ajibu tu kwa upole kwamba anaenda kwa kiliya wake.

Neno hilo, kiliya, ndilo linalobeba sehemu kubwa ya biashara hii. Linatumika pande zote mbili: mteja ni kiliya wa muuzishaji, na muuzishaji ni kiliya wa mteja. Pasipo faktire, pasipo mashini ya kuhesabu, ukiliya ndio garanti. Kiliya anabadilishiwa kitambaa chenye doa bila makelele. Kiliya anapewa siku mbili za kumalizia makuta. Kiliya anapigiwa simu balo mpya ikifika. Kuupata kunachukua miaka, na kuupoteza kunachukua asubuhi moja.

Bei yenyewe inaongewa. Mteja anauliza "Ngapi?", muuzishaji anataja, mteja anashangaa kwa sauti, muuzishaji anamwita arudi. Wote wawili wanajua ni mchezo, na ukichezwa vizuri hakuna anayeumia. Kiswahili cha Goma na Bukavu kina kamkia kadogo kanakosaidia hapo: "punguzako", "ongezako", "niangaliziyeko". Lile ko mwishoni linageuza amri kuwa ombi, na muuzishaji ambaye hakushuka kwa "punguza" anashuka kwa "punguzako". Asubuhi mapema kuna faida pia, juu wauzishaji wengi hawapendi mteja wa kwanza wa siku atoke mikono mitupu. Lakini asubuhi hiyohiyo si saa ya kukunjua piesi kumi na kwenda.

Yale yanayoumiza katika mapokezi si bei. Ni kupimwa kwa macho. Mama aliyetoka Walungu, Masisi ao Lubero na kifurushi mgongoni, viatu vyenye udongo, anatajiwa bei ya juu kuliko mwenye mfuko wa ngozi, ao haonyeshwi kabisa vitambaa vya rafu ya juu: "Hiyo hautaiweza." Mara nyingi mama huyo ndiye mwenye listi ya kijiji kizima ndani ya kitambaa alichofunga kiunoni. Kuna maduka yaliyopoteza mauzo ya siku nzima kwa neno moja la namna hiyo, na hayakujua.

Namna ya kuitana nayo ina uzito. Kijana wa duka anamwita mwanamke mtu mzima "Mama" hata kama ni mdogo wa mama yake, na mwanaume "Papa". Msichana anaitwa "Dada". Mteja naye asimwite muuzishaji "wee". Mambo hayo hayagharimu kitu, lakini wakati kitambaa kina kasoro na mteja amerudi, tofauti kati ya "Mama, tuangalie pamoja" na "wee mama" ni tofauti kati ya kubadilishiwa na kufukuzwa.

Makuta

Ugomvi mwingi wa dukani hauhusu kitambaa, unahusu malipo. Bei inatajwa kwa dola, mteja ana franka, ao kinyume chake, na duka linaweka hesabu yake lenyewe ya kubadilisha. Tuseme, kwa kuelewa hesabu tu, kwamba kwa wakambiste wa barabarani dola 1 ni franka 2.300. Kitambaa ni dola 12. Mteja anatoa noti ya 20 na anapaswa kurudishiwa dola 8. Duka linasema halina dola ndogo, linamrudishia franka kwa hesabu ya 2.200: anapokea 17.600. Kwa wakambiste angepata 18.400. Franka 800 zimebaki mezani bila mtu kuzitaja. Kwa piesi 18, pengo la namna hiyo linakuwa makuta ya kweli. Kwa hiyo mambo matatu yaulizwe pamoja mbele ya kukata: bei ni ngapi, ni kwa makuta gani, na dola inahesabiwa ngapi leo hapa ndani.

Noti yenyewe inaangaliwa. Dola yenye mpasuko mdogo, wino ao alama inakataliwa karibu kila fasi, na noti ya dola 1 haina wapenzi. Mteja anayerudishiwa noti ya namna hiyo anapaswa kuikataa palepale, sababu duka lililomrudishia halitaipokea kesho. Kule Goma na Bukavu mambo yalikuwa mazito zaidi tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025. Noti za franka zilizochakaa zilibaki zikizunguka bila kubadilishwa, na watu waligombana juu ya nani azipokee. Mwenye kukusanya michango aangalie noti wakati wa kuipokea, asiangalie akiwa mbele ya muuzishaji.

Malipo kwa simu yamesaidia wengi wasitembee na makuta mkononi. Yameleta swali lake: nani analipa gharama ya kutoa? Wauzishaji wengi wanaomba mteja aongeze gharama hiyo juu ya bei. Si kosa kama limesemwa mbele. Ni kosa likisemwa kisha kitambaa kukatwa. Mteja asome jina linalotokea kwenye simu mbele ya kuweka namba ya siri, na muuzishaji asitoe kitambaa kwa kuonyeshwa mesaji kwenye simu ya mteja, angoje ya kwake. Namba ya malipo hayo isifutwe. Pahali hakuna faktire, ile mesaji yenye tarehe, jina na kiasi ndiyo karatasi ya pekee iliyopo.

Avansi na kaye

Wengi hawalipi mara moja. Wanaacha avansi, kitambaa kinawekwa pembeni, wanamalizia likirimba ikiwafikia ao mshahara ukitoka. Upande mwingine kuna kaye ya madeni, ambamo muuzishaji anaandika jina la kiliya aliyechukua na hajalipa. Zote mbili zinategemea kumbukumbu, na kumbukumbu ya watu wawili haifanani kisha miezi miwili.

Karatasi ya avansi haihitaji kuwa nzuri. Inahitaji kuwa na tarehe, namba ya mchoro iliyo ukingoni, rangi, idadi ya piesi, bei yote iliyopatanwa na kama ni dola ao franka, kiasi kilichotolewa, kilichobaki, na siku ya mwisho ya kumaliza. Jambo moja linasahauliwa karibu kila mara: kama mteja akishindwa kumaliza, avansi inarudi yote, nusu, ao hairudi? Likiandikwa siku ya kwanza, hakuna kesi. Lisipoandikwa, kila mmoja anakuja na mila yake. Na kama hakuna karatasi kabisa, picha ya ukurasa wa kaye kwa simu inafaa.

Upande wa pili wa meza

Wauzishaji nao wana yao. Balo inayofika Butembo imevuka bahari mpaka Mombasa ao Dar es Salaam, imepita Kampala, imelipiwa ushuru Kasindi, kisha imesafiri kwenye barabara ambayo si salama kila siku. Ya Kalemie ao Uvira inaweza kupita ziwani. Njia ikifungwa, bei inapanda, na mteja anayeona bei ya juzi imebadilika anafikiri ni tamaa ya mtu wa dukani. Juu ya hapo kuna kodi ya fasi, patente, mlinzi, na wanaopita kila asubuhi kuomba kitu.

Kuna wateja pia. Kuna anayekunjua rafu nzima na kusema "nakuja". Kuna anayechukua dantela Ijumaa, anaivaa Jumamosi kwenye arusi akiwa ameifunga tu bila kushona, na anairudisha Jumatatu akisema rangi haikumpendeza, na inanuka pilau. Kuna anayeosha wax kwa maji ya moto na javel, kisha anakuja kulia juu ya rangi. Muuzishaji aliyepata watu watatu wa namna hiyo kwa juma moja ndiye anayebandika ukutani karatasi isemayo kwamba kitu kilichouzishwa hakirudishwi. Karatasi hiyo ina historia yake.

Sheria inasema nini

Lakini karatasi ya ukutani si sheria. Uuzishaji wa vitu nchini Kongo unaongozwa mpaka leo na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo watu wa sheria wanaiita kitabu cha tatu cha kode sivile. Dekreti hiyo inatenganisha kasoro za aina mbili. Kasoro inayoonekana, ambayo mteja angeiona kama angeangalia, haimfungi muuzishaji. Hapo sheria ya makasi ina haki: tundu, doa, rangi isiyofanana, mteja ayaangalie mbele. Kasoro iliyofichika ni kitu kingine. Muuzishaji anaibeba hata kama hakuijua, isipokuwa walipatana waziwazi kwamba hatoi garanti. Mteja anaweza kurudisha kitu na kupewa makuta yake, ao kukibakisha na kurudishiwa sehemu ya bei. Kama muuzishaji aliijua kasoro na kuinyamazia, analipa pia hasara iliyotokea. Rangi inayomwagika yote kwenye maji ya kwanza ni mfano ambao mtu anaweza kuutetea. Lakini sheria inaomba kudai upesi, si kisha mwaka.

Kipimo pungufu si swali la kasoro. Muuzishaji analazimika kutoa kiasi kilichopatanwa. Na kumuuzishia mtu kitu kwa jina ao asili isiyo yake kunahusu hata kode penale, ambayo inaadhibu anayemdanganya mnunuzi juu ya kitu chenyewe, aina yake ao kinakotoka. Kuhusu bei, sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na mashindano inamwachia muuzishaji apange bei yake. Kwa hiyo kulalamika tu kwamba "duka la pili linauzisha chini" hakufiki mbali.

Pa kupeleka malalamiko, wengi wanafikiri polisi kwanza, na mara nyingi inakuwa gharama kuliko kitambaa. Ndani ya soko, kila safu ina mkubwa wake, na soko lina mkuu wake. Hao wanajua nani ni nani na wanamaliza kesi nyingi kwa nusu saa, wakiwa wamesimama. Kisha hapo kuna Divizio ya Ekonomi ya jimbo kwa mambo ya bei, OCC kwa ubora na vipimo, na tribinali de pe kwa anayetaka kudai makuta yake, mahali ofisi hizo zinafanya kazi. Kila moja itauliza kitu kilekile: karatasi, tarehe, kipande cha kitambaa. Mwenye kasoro asikitupe wala asikishone.

Kati ya duka na mshonaji

Kuna kesi moja inayowasumbua hata wakubwa wa soko: kitambaa kimefika kwa mshonaji, mshonaji anasema hakitoshi, muuzishaji anasema kilitoka kamili. Kila mmoja anamtupia mwenzake, na kipande kilichobaki kwa mshonaji, vile vidogo vinavyotengenezewa mifuko na mifuniko ya kitanda, kinaingia ndani ya mashaka. Njia iliyo rahisi ni kupima mara ya pili siku ya kumpa mshonaji, mbele yake, na kuandika urefu kwenye karatasi ya vipimo vya mwili ambayo anaiandika kila mara. Washonaji wengine mjini Bukavu wanakata kipande cha ukingoni chenye jina na namba ya mchoro na kukibandika kwa pini kwenye karatasi hiyo. Mteja akirudi dukani kutafuta yadi mbili za kuongeza, hahitaji kueleza rangi kwa mikono. Anatoa kile kipande mfukoni, muuzishaji anasoma namba, anapanda ngazi.